Bingwa wa kula mwani: vinara na wakorofi wa tangi la sikilidi

Tangi la sikilidi wa Afrika likishawekwa mawe, taa ikawaka kila siku na samaki wakalishwa vizuri, utando wa kijani hauchelewi. Huanzia kwenye jiwe lililo karibu na taa, ukashuka kwenye kioo, na baada ya muda mwenye tangi anaingia duka la samaki wa mapambo na swali moja: kuna samaki gani wa kula huu mwani? Swali ni zuri, lakini hujibiwa kwa haraka mno. Muuzaji humtoa yeyote aliye naye, mteja hulipa, na miezi michache baadaye ama msafishaji amekufa au ameanza kuwatesa wenye nyumba.

Sababu ni mbili. Kwanza, sikilidi hawa, jamaa wa sato, perege na furu, hugombania kila jiwe na kila pango. Pili, maji yao si ya kila samaki. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lina maji magumu ya magadi yenye pH inayokaribia 9. Ziwa Nyasa, ambalo majirani zetu huliita Malawi, linaongoza duniani kwa wingi wa aina za samaki katika ziwa moja, na maji yake nayo yana magadi, ingawa kidogo kuliko ya Tanganyika. Wasafishaji wengi wa madukani asili yao ni mito ya Amerika Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki, ambako maji mara nyingi ni laini na yana uchachu. Kwa hiyo anayechagua lazima aulize mambo mawili kabla ya bei: huyu atastahimili maji haya, na atastahimili majirani hawa? Hapa nimewapanga wanaoongoza, kwa sifa njema na kwa sifa mbaya, na sitaficha ninayempenda.

Anayelizidi tangi kwa ukubwa

Hapa hakuna mashindano. Ni pleko wa kawaida, kambare mwenye mdomo wa kufyonza, ambaye siku hizi mara nyingi huwa wa jenasi ya Pterygoplichthys. Dukani ana urefu wa kidole na anashikilia kioo kwa utulivu unaomfanya apendwe papo hapo. Akipewa chakula na nafasi atapita sentimita 40. Tangi la kawaida la sebuleni lina upana usiofika urefu huo, maana yake siku moja atashindwa hata kugeuka vizuri.

Ukubwa si tatizo pekee. Kadiri anavyokua ndivyo anavyopunguza hamu ya mwani na kutegemea chakula unachowarushia wengine, na kinyesi chake ni kingi ajabu. Kinyesi hicho huoza kikawa nitrati, na nitrati ni mbolea ya mwani. Mtu amemnunua msafishaji, kumbe amenunua kiwanda cha mbolea kinachotembea usiku. Wakishachoka naye, wengi hufikiria kummwaga mtoni, na hilo ndilo kosa lisilorekebishika: huko Florida na Mexico samaki wa jenasi hii wameshaenea mitoni na maziwani, wakichimba kingo kwa mashimo yao ya kuzalia. Mito yetu haihitaji mzigo huo.

Mkorofi namba moja

Gyrinocheilus aymonieri hutoka katika mito ya Asia ya Kusini-Mashariki, ikiwemo Mekong, na huuzwa hasa katika rangi ya dhahabu. Kimaumbile ana jambo la kustaajabisha: ana tundu la ziada juu ya matamvua linalovuta maji ndani, kwa hiyo anaweza kupumua huku mdomo wake ukiwa umeng'ang'ania jiwe katikati ya mkondo mkali. Samaki wengi huvuta maji kwa mdomo. Huyu mdomo ameuachia kazi nyingine.

Akiwa mdogo hula mwani kwa bidii. Akikua, naye anaweza kufika sentimita 28, huanza kulinda eneo lake kwa ukali, na baadhi yao hugundua kwamba ute ulio ubavuni mwa samaki bapa ni chakula kitamu. Humshika sikilidi ubavuni na kumkwangua hadi aache jeraha. Katika tangi la mbuna, yaani sikilidi wa miamba wa Ziwa Nyasa, atapigwa na atapiga. Simpendekezi kwa mtu yeyote.

Wanaogeuka kitoweo

Otocinclus, kambare wa Amerika Kusini mwenye sentimita nne hivi, ni mpole, huishi kwa makundi, hupenda maji laini, na humtosha sikilidi mdomoni. Kamba wadogo wa Caridina multidentata, waliopata umaarufu kupitia mpangaji matangi wa Kijapani Takashi Amano, ni walaji mwani hodari kweli, ila kwa sikilidi wa Afrika ni mlo wa jioni. Wote wawili waachiwe matangi ya mimea na samaki wapole.

Wa kununua kwanza

Nikiulizwa msafishaji mmoja tu kutoka nje ya bara hili, namtaja Ancistrus bila kusita. Ni wa ukoo mmoja na pleko, lakini hawa wanaouzwa kwa kawaida huishia kwenye sentimita 12 hadi 15. Madume huota vinyama virefu puani na kwenye paji la uso, jambo linalowafanya waonekane wakali kuliko walivyo. Mwili umefunikwa kwa mabamba ya mfupa, hivyo mbuna akimgonga mara moja mbili haimdhuru sana. Na kwa kuwa Ancistrus wengi walioko sokoni wamezaliwa matangini kizazi baada ya kizazi, hustahimili maji magumu ya magadi kuliko ndugu zao waliovuliwa mitoni.

Tofauti kati ya Ancistrus atakayeishi miaka mingi na atakayekufa wiki ya pili iko katika maandalizi. Mtengenezee pango jembamba kabla hajafika, ambalo yeye anaingia na sikilidi mkubwa haingii: kipande cha bomba la plastiki lililofichwa chini ya mawe, au chungu kidogo kilicholazwa. Muingize usiku, taa ikiwa imezimwa, maana wakati huo sikilidi wametulia na yeye ndipo anapoamka. Ikiwezekana awe ametangulia kuingia tangini kabla ya sikilidi kugawana maeneo. Wala usidhani mwani utamtosha. Mwani ukiisha, kama unavyotaka uishe, huyo samaki atakula nini? Mpe kipande cha tango au mchicha uliochemshwa kidogo baada ya kuzima taa, na asubuhi uondoe mabaki kabla hayajaoza.

Wapo watakaokwambia lazima umwekee gogo la kutafuna. Ndugu zake wa jenasi ya Panaque ndio wenye sifa hiyo. Hao kweli hukwangua mbao kwa meno yenye umbo la kijiko. Ancistrus huishi vizuri bila gogo, na katika tangi la Nyasa au Tanganyika gogo hufanya kazi kinyume na yako: hutia maji rangi ya chai na kuyavuta kuelekea kwenye uchachu, wakati wewe umeweka mawe ya chokaa ili yabaki na magadi. Tangi la lita 200 linatosheka na Ancistrus mmoja. Madume wawili katika nafasi ndogo watapigana.

Meno mengi kuliko yote, na jirani anayefaidika nayo

Hata hivyo mabingwa halisi wa kula mwani hawatoki Amerika wala Asia. Wako Kigoma, wako Gombe, wako Mahale, ambako mpaka wa hifadhi ya taifa umeingia ndani ya ziwa kwa ukanda wa kilomita 1.6. Kwenye miamba ya Tanganyika, mahali jua linapofika chini, mawe yamevikwa utando wa kijani usioisha, na samaki wamegawana utando huo kwa ustadi ambao sijaona mfano wake.

Kinara ni Petrochromis. Midomo yake ni minene kiasi kwamba haifungi sawasawa, na ndani yake kuna ukanda mpana wa meno membamba yanayonesanesa, kila jino likiwa na ncha tatu. Petrochromis polyodon, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1898, huugandamiza mdomo wazi juu ya jiwe, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Anavyofanya ni kama mtu anayechana nywele bila kuzikata: nyuzi za mwani hubaki jiweni, ila chembe ndogo za mwani wa seli moja zilizonasa katikati ya nyuzi huondoka naye.

Anayefuata ni Tropheus, samaki mfupi mwenye kichwa butu, na meno yake ya mbele yana ncha mbili. Huyu hachani, hukata. Hung'ata nyuzi zenyewe na kuzinyofoa. Watafiti wa Kijapani waliopiga mbizi katika ziwa hilo miaka ya 1970 na 1980 waliona kwamba Tropheus moorii hupenda kula mahali Petrochromis alipokwisha kupita. Mmoja huondoa vumbi na mwani mdogo, mwingine hukuta nyuzi zikiwa safi. Wote wawili wanakula jiwe moja, wala hawanyang'anyani.

Jina la moorii linatokana na J. E. S. Moore, Mwingereza aliyefika Tanganyika mara mbili mwishoni mwa karne ya 19 akiamini kuwa ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale, kwa sababu konokono wake walifanana mno na wa baharini. Dhana hiyo haikusimama. Lakini samaki aliowapeleka London ndio waliofungua macho ya dunia kuhusu utajiri wa ziwa hili, na leo wafugaji wa Ulaya na Marekani huagiza Tropheus kwa majina ya vijiji na rasi zetu: Kigoma, Ikola, Bulu. Samaki huyu hapendi sehemu yenye mchanga mpana wala kina kirefu, kwa hiyo kila ufuo wa mawe umejitenga na kupata rangi yake.

Je, uwaweke tangini kwa ajili ya usafi? Tropheus, ndiyo, kwa masharti. Wanataka kundi, na mimi siwezi kushauri chini ya 15, kwa sababu wakiwa watatu au wanne mbabe humalizia hasira yake kwa mnyonge mmoja hadi afe. Wanataka tangi refu, lenye mawe mengi na maji yanayosukumwa kwa nguvu. Petrochromis, hapana, isipokuwa kwa mfugaji mzoefu mwenye tangi kubwa sana. Pamoja na midomo yake ya kupendeza, ni miongoni mwa sikilidi wakali kuliko wote wanaofugwa.

Utumbo mrefu, na hatari yake

Samaki hawa wanashika rekodi nyingine isiyoonekana kwa macho. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 kuhusu sikilidi wa Tanganyika ulilinganisha chakula na urefu wa utumbo, na ukaonyesha kwamba walaji mwani ndio wenye matumbo marefu zaidi, ilhali wala samaki na wala magamba wana matumbo mafupi. Mwani ni mgumu kumeng'enywa. Unahitaji safari ndefu.

Ndipo wengi wanapowaua kwa upendo. Tropheus na mbuna wakilishwa nyama ya ng'ombe, moyo wa ng'ombe au minyoo kwa wingi, tumbo huvimba, kinyesi huwa cheupe kama uzi, hamu ya kula hupotea, na mara nyingi huwa wamechelewa kuokolewa. Chakula chao kikuu kiwe cha mimea. Spirulina, ile inayosindikwa kuwa chembe za chakula cha samaki, ni ya kundi moja na viumbe wa kijani-buluu wanaowalisha heroe wa Natron na Nakuru, na ni chaguo zuri. Bora zaidi ni ule utando unaotaka kuukwangua. Si mwani mtupu huo. Ndani yake mna viluwiluwi vya wadudu na kamba wadogo wasioonekana kwa urahisi. Kwa samaki hawa utando ni shamba, na mwenye tangi anayesugua kila jiwe hadi ling'ae anawanyang'anya chakula kilicho bora kuliko cha kopo.

Mlaji mwenye mkao wa kipekee

Upande wa Nyasa, kutoka Matema hadi Mbamba Bay na kuvuka kwa majirani, mbuna wengi hula mwani, lakini mmoja hupita wote kwa namna anavyokula. Labeotropheus fuelleborni ana mdomo uliofunguka chini kabisa ya kichwa, na juu yake pua ya nyama iliyochomoza. Mbuna wengine hulazimika kusimama wima mbele ya jiwe ili meno yafike. Huyu hula akiwa amelala karibu sambamba na jiwe, kwa hiyo mawimbi ya maji ya kina kifupi hayamchukui. Jina lake lilitolewa kwa heshima ya Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya samaki katika ziwa hilo. Kwa anayetaka sikilidi wa Nyasa atakayefanya kazi ya usafi na bado apambe tangi, mimi namweka wa kwanza. Majike wenye mabaka ya rangi ya chungwa na nyeusi ni mapambo tosha.

Yule mbuna wa njano anayependwa kila mahali, Labidochromis caeruleus, yeye hatafuti mwani. Anatafuta wadudu ndani yake. Anunuliwe kwa uzuri na upole wake, usafi asitarajiwe.

Na kama mashindano yangekuwa ya kustahimili mawimbi peke yake, Tanganyika ingetwaa taji kwa Eretmodus cyanostictus. Ana urefu wa sentimita nane hivi, kibofu chake cha kuelea kimepungua, kwa hiyo haogelei kwa raha bali hurukaruka juu ya mawe pale ufukweni maji yanapopiga, akikwangua mwani kwa meno bapa. Mume na mke hulea kwa zamu: mama hubeba mayai mdomoni kwanza, kisha baba humalizia. Anahitaji maji yenye oksijeni nyingi, na wenzake wawe wapole.

Anayesifiwa kwa kazi asiyoifanya

Synodontis multipunctatus, kambare wa madoa kutoka Tanganyika, huuzwa kwa maneno kwamba "anasafisha". Mwani hagusi. Anachofanya ni kuokota mabaki ya chakula chini, na hilo lina faida yake, kwa kuwa mabaki yakioza huzaa mwani. Yuko nyumbani katika maji haya na ana mwili wa kuhimili vurugu za sikilidi. Namkubali kwa moyo mmoja. Lakini rekodi yake ni nyingine. Sikilidi wanaolea mdomoni wanapotaga, yeye huvamia, hula baadhi ya mayai yao na kuacha yake. Mama sikilidi huyaokota yote. Vitoto vya kambare huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye mdomo humo humo ndani. Jambo hili lilielezwa katika jarida la Nature mwaka 1986, na hajajulikana samaki mwingine ambaye uzazi wake wote unategemea kulelewa kwa hila ya namna hii. Akiwekwa na mbuna wa Nyasa, ambao hawakuwahi kumjua, hufanikiwa vilevile. Anayezalisha sikilidi kwa biashara afikirie mara mbili.

Wadogo wasiopigiwa debe

Konokono wana bahati katika maji haya, kwa sababu maji magumu hujenga gamba ambalo maji laini hulimumunya. Melanoides tuberculata, mwenye gamba refu lililochongoka, ni mwenyeji wa Afrika na Asia. Mchana hujichimbia mchangani na kuugeuzageuza, usiku hupanda vioo. Huzaa watoto hai, na huongezeka kulingana na chakula kilichobaki, hivyo ukiona wamejaa ujue unalisha kupita kiasi. Konokono wa jamii ya nerite, wakiwemo Neritina natalensis wa mikokoni na kwenye midomo ya mito ya pwani yetu, ni wakwanguaji hodari zaidi wa kioo, na mayai yao hayaanguliwi kuwa watoto katika maji baridi. Wapo sikilidi watakaowala. Trematocranus placodon wa Nyasa ana mataya ya kooni ya kuwapondea konokono, kiasi kwamba kuvuliwa kwake kupita kiasi eneo la Cape Maclear kumehusishwa na kuongezeka kwa kichocho.

Kwa sababu hiyo hiyo nasisitiza: usiokote konokono bwawani au ziwani ukawaleta nyumbani. Bulinus na Biomphalaria, wanaobeba kichocho, wako huko, na wewe utaingiza mkono katika maji hayo kila wiki.

Utando usiolika

Kuna utando mmoja unaowashinda wote niliowataja: ule laini, wa kijani-buluu, wenye harufu, unaobanduka kama shuka. Hao ni sainobakteria, na hakuna msafishaji wa dukani atakayewamaliza. Huja kwa sababu ya chakula kingi, maji yaliyodumaa na mabadiliko machache ya maji.

Ziwa Victoria linaonyesha madhara yake kwa kipimo kikubwa. Mbolea na majitaka yameyatia maji yake ukungu wa kijani. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao kwenye visiwa vya mawe karibu na Mwanza: pale maji yalipochafuka, furu majike hawakuweza tena kutofautisha rangi za madume, na aina zilizokuwa zimejitenga zikaanza kuchanganyika. Miongoni mwa furu wa miamba hiyo wamo wakwanguaji mwani wa kundi la Neochromis, wenye kichwa kifupi na meno yaliyobanana. Nao, pamoja na ustadi wao wote, hula mwani wa jiweni tu. Ule unaoelea kwenye maji hawaufikii.

Kwa tangi la lita 200 la mbuna, basi, mimi ningeweka Labeotropheus dume mmoja na majike kadhaa ndani ya kundi, Ancistrus mmoja aliyetangulia kuingia, na konokono wachache wa Melanoides mchangani. Kwa tangi kubwa la Tanganyika, kundi la Tropheus na Synodontis wawili watatu. Taa iwake saa nane kwa siku, dirisha lisipeleke jua kwenye kioo, na karibu theluthi moja ya maji ibadilishwe kila wiki kwa maji yaliyoondolewa klorini. Kioo cha mbele ukisugue mwenyewe kabla ya kubadili maji. Cha nyuma na mawe uwaachie wao.